Saa ya Namba Kumi na Nane

Saa ilitoshea.

Inspekta Tereza Masalu aliilaza kwenye kishimo kilichochongwa ndani ya droo, akaibonyeza kwa kidole gumba, nayo ikazama hadi shingoni. Haikubana wala haikucheza. Kando yake Mzee Antoni Ngosha, mhandisi wa meli aliyestaafu, alisimama mikono nyuma kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mwanawe.

"Ndiyo yenyewe?" Tereza aliuliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Iangalie vizuri, mzee. Kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili yake."

Mzee aliitupia jicho. "Nimeiangalia, mama."

Basi kazi ilikuwa imekwisha. Mtuhumiwa, Seif, alikuwa kijana mwenye meza ya vitu vikuukuu sokoni, na alishawahi kufika katika nyumba hii kutaka kununua saa. Mzee aliporipoti kwamba saa yake kubwa imeibwa, polisi walimpekua Seif wakamkuta na saa. Sasa mwenye mali ameitambua na kishimo kimeipokea. Jumatatu kijana angepandishwa kizimbani, na kwa jinsi kesi za wizi zilivyopigwa kalenda miaka hiyo, angekwenda rumande Butimba na kusahaulika huko. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameagiza jalada limfikie likiwa limefungwa. Alikuwa mtu wa kupenda majalada yaliyofungwa, na yaliyomo ndani hayakuwahi kumnyima usingizi.

"Limebaki jambo moja," Tereza alisema akifungua kalamu. "Maelezo ya mali. Niandike saa ya namna gani?"

"Andika saa ya mfukoni, ya Kimarekani. Padri mmoja aliniachia alipokuwa anarudi kwao. Namba kumi na nane."

"Namba ya nini?"

Hapo mzee alibadilika. Mikono ilitoka mgongoni, mabega yakanyooka. Tangu Tereza aingie katika nyumba ile juu ya mawe ya Ilemela, mzee alikuwa akijibu neno moja moja. Sasa alivuta stuli, akaketi, akaitoa droo nzima na kuiweka mezani. Ilijaa saa za mfukoni, kubwa kwa ndogo, kila moja ndani ya kishimo chake.

"Watu hupima saa kwa koti," alisema. "Koti ni hili ganda la nje. Wanakosea. Koti ni nguo tu, na mtu mwembamba anaweza kuvaa koti nene. Tazama hizi mbili."

Alichukua saa mbili zilizolingana kama mapacha. Alizifungua mgongo kwa kisu kidogo cha bapa. Ndani ya moja mashine ilijaa hadi ukingoni. Ndani ya nyingine mashine ilikuwa ndogo, imezungukwa na ukingo mpana wa chuma.

"Hii ni kumi na sita, hii ni kumi na mbili. Kwa nje huwezi kuzitenganisha. Namba ni ya mashine, inapimwa kwenye bamba lililo chini ya uso. Inchi moja inagawanywa sehemu thelathini. Unaanza na sifuri, ambayo ina kipimo chake, halafu kila namba unayopanda unaongeza sehemu moja. Kumi na nane ndizo zile kubwa za watu wa reli. Chini ya sifuri kuna sifuri mbili, sifuri tatu, vitu vidogo vya kina mama."

"Tofauti ya kumi na sita na kumi na nane ni ndogo sana, basi."

"Ndogo. Lakini ipo." Alitoa kopo la maziwa ya unga, akamwaga mezani pete za shaba zilizogongwa namba. "Nilizichonga mwenyewe karakana, nilipokuwa bado melini. Mashine ya namba fulani inakaa ndani ya pete yake na kutulia. Ukiiweka kwenye pete isiyo yake, inayumba au inakataa kuingia. Binti yangu, mtu akikuambia anaijua saa na hajaifungua, huyo ni mchuuzi. Usimsikilize."

Alizungumza hivyo kwa muda mrefu. Tereza alimwacha, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba mtu huyu alikuwa hajapata wa kumsikiliza kwa siku nyingi. Nje ndege ilishuka kuelekea uwanjani, ikapita juu ya bati, kisha nyumba ikarudia kimya chake. Tereza alishtuka kidogo kukitambua kimya hicho. Droo ilijaa saa na hakuna hata moja iliyokuwa ikitembea.

"Huzitii ufunguo, mzee?"

"Siku hizi sizitii."

Alikwenda jikoni kuleta soda, na kama wenyeji wote wafanyavyo mgeni akiketi, alimwachia albamu apitishe muda. Ilikuwa albamu ya msiba. Mkewe, Modesta, aliyekuwa muuguzi, alifariki mwanzoni mwa mwaka. Tereza alifungua kurasa kwa adabu. Waombolezaji uwanjani. Kwaya. Mzee ndani ya suti nyeusi, ameinama juu ya jeneza lililo wazi akimuaga mkewe, na mnyororo wa saa unaning'inia kutoka kwenye kifungo cha koti. Kisha makaburini, mzee yule yule, suti ile ile, anaweka shada la maua.

Tereza alikunywa soda, akashukuru, akaifunga saa ndani ya bahasha ya vielelezo na kuondoka.

* * *

Jumamosi asubuhi Zakia, mke wa Seif, alikuwa nje ya kituo tangu mapema, ameketi juu ya tofali, hotpoti miguuni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umeshampa chakula?"

"Wamesema nisubiri. Afande, meza yetu pale sokoni kuna mtu ameshaikalia. Nikimwambia ni yetu ananiuliza mume wangu yuko wapi." Hakulia. Alisema hivyo kama anavyoeleza mtu bei ya mchele.

Tereza alimtoa Seif mahabusu, akamketisha chumba cha mahojiano pamoja na chakula chake. Kijana alikuwa amevimba macho kwa kulala sakafuni.

"Saa umeitoa wapi?"

"Nimeshasema, afande. Kigongo. Nilikuwa nasubiri kivuko kwenda Busisi, mzee mmoja akaniuzia. Yeye alivuka, mimi nikarudi mjini."

"Jina lake?"

"Sasa afande, ukinunua dagaa unamuuliza mtu jina?"

"Dagaa hawakuleti kwangu."

Seif alitafuna kwanza. "Siku hizi kila mtu anavaa saa ya plastiki ya kutoka Dubai, akichoka anatupa. Hizi za zamani wazee wanazitoa wenyewe. Mimi nazinunua kwa sababu wazungu wanazitaka. Hiyo ndiyo biashara yangu, siibi."

"Kwa Mzee Antoni ulikwenda kufanya nini?"

"Mara ya kwanza mama alikuwa hai, anaumwa. Nilimwomba mzee aniuzie ile kubwa. Akakataa. Akasema hii mke wangu hulala nayo chini ya mto, isipolia hapati usingizi. Mara ya pili nilikwenda kutoa pole. Droo ilikuwa wazi mezani. Ile kubwa haikuwepo."

Tereza aliinua uso. "Haikuwepo?"

"Kishimo kitupu. Nikajua ameshauza kwa mtu mwingine, nikaumia roho kidogo. Nikamwachia rambirambi nikaondoka."

"Ulikwenda lini?"

"Wiki ile ile ya msiba, kabla hawajamaliza matanga."

Mzee alikuwa ameripoti wizi muda mrefu baada ya matanga, na aliapa kwamba hadi wakati huo saa ilikuwa ndani ya droo. Mmoja kati ya watu hawa wawili alikuwa mwongo, na kwa kawaida aliyekuwa nyuma ya nondo ndiye aliyehesabiwa kuwa mwongo. Tereza naye angefanya hesabu hiyo hiyo, ila picha mbili za albamu zilimrudia. Mzee akimuaga mkewe alikuwa na mnyororo kifuani. Mzee akiweka shada hakuwa nao.

Kwa hiyo saa ilipotea siku ya mazishi, kati ya nyumbani na makaburini. Tereza alifikiria nani siku hiyo angeweza kumkaribia mzee hadi kifuani, na jina lililokuja lilikuwa la mwanawe, Revocatus, aliyefanya kazi Dar es Salaam. Kwenye maelezo ya kwanza alitajwa kuwa ndiye aliyeahidiwa kurithi saa hiyo. Mtoto wa kwanza, mwenye tamaa ya kurithi, ameshikilia mkono wa baba aliyezidiwa na kilio. Hadithi ilikaa vizuri. Aliomba simu ya kituo na baada ya kukatikiwa mara kadhaa akampata.

"Mimi?" Revocatus alisema kwa hasira. "Mimi ndiye niliyelazimisha apeleke taarifa polisi. Nilirudi Mwanza kumsalimia, nikamwomba saa, akaniambia imeibwa. Nikasema twende kituoni, baba hataki. Anasema iache tu, ni chuma. Baba, mtu aliyewahi kuzira chakula kwa sababu mtoto amegusa droo yake. Ikabidi nimshike mkono kumpeleka."

"Nani alimtaja Seif?"

"Askari wa kaunta aliuliza ni nani aliyewahi kuja nyumbani kuulizia saa. Baba akamtaja. Aliulizwa, akajibu."

Tereza alirudisha simu. Alivuta bahasha ya vielelezo. Halafu akaitoa saa, akaigeuza, na jambo lililokuwa mbele ya macho yake tangu Ijumaa likamjia kwa uzito wake wote. Mzee aliyesema kwamba anayeitambua saa bila kuifungua ni mchuuzi, hakuifungua hii. Hakuigusa hata kwa ncha ya kidole.

* * *

Jumapili alasiri alimkuta mzee ameketi barazani, juu ya jiwe lililogeuzwa ngazi, akitazama ziwa. Bado alikuwa na suti ya kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umerudi, mama. Kuna neno?"

"Kuna kazi ndogo ya fundi."

Ndani aliitoa saa kwenye bahasha na kuiweka juu ya kitambaa. Kisha akamsogezea kopo la pete za shaba. Mzee alitazama kopo, akatazama mlango. Hakuna aliyekuwa mlangoni.

"Jumatatu hakimu atauliza kama ni namba kumi na nane," Tereza alisema. "Mimi sijui kupima. Nipimie."

"Si imetoshea kwenye kishimo?"

"Kishimo kinapima koti. Umenifundisha mwenyewe."

Mzee angeweza kusema macho yake yamechoka, au kwamba ni Jumapili, na Tereza alikuwa amejiandaa kwa visingizio vyote viwili. Badala yake mzee alivaa miwani, akachukua kisu cha bapa. Mikono ilianza kufanya kazi iliyoizoea. Alifungua mgongo. Alilegeza skrubu mbili za ukingoni, akavuta taji la juu la kutilia ufunguo, akaisukuma mashine kwa mbele hadi ikatoka kwenye koti lake na kutua kiganjani. Ukingo wa koti ulikuwa mpana, wa chuma kizito, na ndiyo maana kishimo kilidanganyika.

Alichagua pete iliyogongwa kumi na nane, akaiweka kwenye kitambaa, akaiteremsha mashine ndani yake.

Ilizama na kuyumba. Pengo lilionekana pembeni, jembamba lakini bayana. Mzee aliitikisa pete kidogo, kana kwamba huenda pengo lingejifunga lenyewe. Kisha akachukua pete ya kumi na sita. Mashine iliingia, ikatulia.

"Sema," Tereza alisema.

"Unaiona mwenyewe."

"Nataka useme wewe."

"Kumi na sita." Alivua miwani. Kwa mtu wa namna yake, kudanganya juu ya wizi kuliwezekana, lakini kudanganya juu ya kipimo kulimshinda. "Si yangu."

"Na ulilijua hilo Ijumaa."

"Nililijua ulipoitoa tu kwenye bahasha."

Tereza alivuta albamu, akaifungua ukurasa wa jeneza na kuweka kidole kwenye mnyororo. Hakuhitaji kufungua ukurasa wa pili. Mzee aliisogeza albamu karibu.

"Nilipoinama kumuaga," alisema, "niliisukuma chini ya mkono wake, chini ya shuka. Nilikuwa nimeitia ufunguo asubuhi hadi mwisho. Hakuna aliyeona, walidhani nimezidiwa."

"Kwa nini, mzee?"

"Modesta alikuwa muuguzi wa zamu za usiku miaka yote ya ujana wake. Alipostaafu alishindwa kulala penye kimya. Mwanzoni aliichukia saa ile. Baadaye akaiomba, akaiweka chini ya mto, na nikisafiri na meli aliniambia, uende wewe, saa ibaki." Aliifunga albamu. "Ikijazwa inatembea mchana na usiku, halafu inasimama. Najua ilisimama. Sikutaka iishi naye milele, mimi si kichaa. Nilitaka usiku wa kwanza tu asiwe peke yake."

Tereza aliacha kalamu mezani. Ilimchoma, na hakuona sababu ya kujifanya haikumchoma.

"Ungemwambia mwanao."

"Nimwambie nini? Kwamba urithi wake nimeuzika? Na angewaambia shangazi zake. Ng'wanone, mwanangu, wewe ni mtu wa huku, unajua. Mzee aweke kitu kinacholia ndani ya jeneza la mke wake, kesho wangesema nimemfunga kwa uchawi. Wangesema nimemuua na nikaacha dawa kaburini. Kuna wazee wamekatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko hayo. Nikasema imeibwa. Nilidhani neno litaishia hapo."

"Halikuishia hapo. Kuna kijana analala sakafuni."

"Najua."

"Mkewe anashinda juu ya tofali."

"Najua, mama. Kila siku nilisema kesho nitakwenda. Ulipokuja na ile saa nikawaza, nikisema si yangu wataniuliza yangu iko wapi." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza Tereza aliona hofu yake yote. "Mtamfukua?"

"Hapana."

"Mkitaka ushahidi mtamfukua."

"Ushahidi ni huu," Tereza alisema, akiigusa pete ya shaba. "Wewe uliandikisha kumi na nane. Aliyokamatwa nayo Seif ni kumi na sita. Hakuna mali ya wizi, hakuna kesi. Lakini utakuja kituoni sasa hivi, utaibeba hii pete, na utasema kwa mdomo wako kwamba hukuibiwa. Ilikokwenda saa si swali la Seif, na mimi sitaliandika."

Mzee aliirudisha mashine ndani ya koti lake, akakaza skrubu zote mbili. Kabla ya kuifunga aliipuliza vumbi, ingawa haikuwa yake.

* * *

Mkuu wa upelelezi, aliyeitwa kutoka nyumbani kwake, alinung'unika, akaitazama mashine ikiyumba ndani ya pete, akanung'unika tena, akatia saini. Jua lilikuwa bado halijazama Seif alipotolewa. Konstebo Chenge wa kaunta alimrudishia mkanda, viatu na saa.

Mzee Antoni alinyanyuka kwenye benchi. "Kijana wangu," alianza.

"Usiniite hivyo," Seif alisema. "Nimekuja kwako kukupa pole, mzee. Wewe ukanipa mahabusu."

Mzee alibaki na mkono mbele. Zakia ndiye aliyemjibu, kwa kichwa tu, kwa kuwa mzee ni mkubwa kwake, kisha akamshika mumewe kiwiko wakatoka. Hawakugeuka.

Tereza alimsomea mzee maelezo yake. Angeshtakiwa kwa kutoa taarifa ya uongo, pengine hakimu angemwonya kwa ajili ya umri wake. Mzee alisaini kwa mwandiko mzuri wa shule za misheni.

"Umejidhamini mwenyewe. Unaweza kwenda nyumbani, tutakuita."

"Hamniweki ndani?"

"Hapana, mzee."

Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, lakini hakunyanyuka. Kutoka upande wa mahabusu zilisikika sauti za watu wakibishana juu ya mpira, mmoja akacheka, wengine wakamfuata. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha sikio upande huo.

"Mle ndani wanazungumza," alisema.

"Kutwa nzima."

"Naomba nikae hapa kidogo, mama. Kwangu saa zangu zote nimeziacha zimesimama."

Chenge alimtazama inspekta wake, akisubiri amri. Tereza alikuwa na chumba kimoja kwenye nyumba za polisi, na redio, na hakuna aliyekuwa akimngoja huko. Alivuta kiti, akaketi karibu na benchi, chini ya saa ya ukutani ya kituo.

"Hiyo saa yenu inachelewa," mzee alisema baada ya muda.

"Inachelewa," Tereza alikubali, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuirekebisha.